Filamu Zisizo na Maneno, na Swali la Nani Kanyamazishwa

Mtazamaji wa filamu wa Mbeya amezoea kusimuliwa. Ukipita Mwanjelwa jioni, kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, utakisikia kabla hujakiona: ndani Mkorea anazungusha upanga, na juu ya kelele zake kuna kijana wa Kitanzania anayetafsiri, anayetania, anayemuonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Wengi walizijua filamu za nje kupitia sauti ya mtafsiri Lufufu na waliomfuata, na hadi leo wapo wanaochagua filamu kwa jina la DJ aliyeitafsiri, mwigizaji baadaye. Siwacheki. Kuidandia filamu ya watu na kuifanya iongee Kiswahili cha mtaani bila kuipotezea hadithi si kazi ya kila mtu.

Mazoea haya yana umri mkubwa kuliko kanda za VHS. Kati ya 1935 na 1937, mradi mmoja wa kikoloni ulipiga kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ukatengeneza filamu fupi za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba posta. Lori likazizungusha nchi hadi nchi, na maelezo yakatolewa kwa lugha za wenyeji. Tangu mwanzo, basi, picha ililetwa kwetu ikiwa na mtu pembeni wa kutuambia tuielewe vipi.

Sasa zipo filamu ambazo DJ hana pa kushika. Ni filamu za hali halisi zisizo na msimulizi, zisizo na mahojiano, zisizo na maandishi ya tafsiri chini ya kioo. Nyingine zina muziki mwanzo mwisho, nyingine hazina hata muziki, zina mlio wa mashine, mvua na miguu ya watu. Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini zina faida ya wazi: hakuna anayekutangulia kuzielewa. Bibi wa Rungwe anayekisikia Kiswahili lakini mambo yake ya moyoni yako kwa Kinyakyusa anaanza sawa na profesa wa Paris. Ndiyo maana wapenzi wa filamu hizi husema ni lugha ya dunia nzima.

Hapo ndipo ninapoanza kubishana nao. Kumwondoa msimulizi hakuiondoi kauli yake. Mtu aliyekata picha na kuziunganisha bado anakuambia uwaze nini, ila sasa humsikii akikuambia, na wale waliopigwa picha hawana nafasi ya kumsahihisha. Kwa hiyo mimi huzipima kwa swali moja la kijima: filamu ikiisha, naweza kumweleza mwenzangu kazi niliyoiona ilivyofanyika? Kama naweza, mtu aliyekuwa mbele ya kamera aliheshimiwa. Kama ninachokumbuka ni uzuri wa jasho lake tu, aligeuzwa pambo.

Iliyofaulu kipimo hiki kuliko zote nilizoziona ina dakika kumi na kidogo. Inaitwa Glas, ya Mholanzi Bert Haanstra, ya mwaka 1958, na ilichukua Oscar ya filamu fupi za hali halisi mwaka 1960. Tuko kiwandani Leerdam. Fundi anachovya bomba refu la chuma tanuruni, anatoa bonge la kioo lililoiva, analizungusha bila kupumzika kwa sababu akilisimamisha litalala upande mmoja. Anapuliza. Mashavu yanamvimba. Anatazama, anapuliza kidogo tena, analiweka kwenye kalibu, analitoa likiwa na kiuno. Muziki ni jazi, na Haanstra kazikata picha kwa kufuata mdundo hivi kwamba unawaona mafundi kama wapiga tarumbeta wa bendi moja, kila mtu na zamu yake. Hajakuambia kwamba ufundi ni muziki. Kakuonyesha pumzi inavyopimwa.

Kisha anahama kwenda kiwanda cha mashine. Chupa zinatoka moja baada ya nyingine, zote sawa, zinasukumwa kwenda kwenye mkono wa chuma unaozishika shingo na kuzihamisha. Inafika chupa iliyovunjika shingo. Mkono wa chuma unafika, haupati cha kushika, unaondoka mtupu. Chupa inabaki palepale. Ya nyuma inaisukuma, inaanguka, inapasuka. Inayofuata nayo. Mashine haina habari, inaendelea kuleta chupa na kuzivunja, mpaka mkono wa binadamu unapoingia kwenye picha na kuiondoa ile chupa mbovu. Kazi inaendelea. Mtu yeyote wa Mafinga aliyewahi kusimama nyuma ya dingdong, mashine ya kupasulia mbao, gogo la msindano likaingia vibaya anaijua sekunde hiyo, na hahitaji mchambuzi kumfafanulia. Kwenye shule za ufundi huko Iringa na Mbeya ningeionyesha siku ya kwanza ya muhula, kabla ya mwalimu kufungua kinywa.

Sasa iweke pembeni ya Powaqqatsi ya Godfrey Reggio, ya 1988, inayosifiwa sana na watu wanaopenda filamu hizi. Inaanzia Serra Pelada, mgodi wa dhahabu wa kaskazini mwa Brazil, shimo kubwa lenye maelfu ya wanaume wanaopanda na viroba vya udongo mgongoni. Picha imepunguzwa kasi, muziki wa Philip Glass unawapandisha. Mmoja kaishiwa nguvu au kaumia, wenzake wamembeba begani kumtoa shimoni, na kamera inamfuata kwa upole kabisa. Ni nzuri, tena nzuri mno.

Mtu wa Chunya akiiangalia atauliza maswali ambayo filamu haina mpango wa kuyajibu. Kiroba ni cha nani? Mgao ukoje? Mwenye shimo anachukua vingapi? Aliyebebwa, nani anamlipia dawa? Dhahabu ya Lupa, hapo hapo Chunya, ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na hadi leo huko Makongolosi hesabu ya viroba ndiyo mazungumzo yenyewe. Ukiitoa hesabu umebakiza misuli. Serra Pelada nako wabebaji walilipwa kwa kiroba, lakini hilo huwezi kulipata kwenye filamu hata ukiirudia mara ngapi. Kinachobaki ni umati wa watu weusi na wekundu wa matope, wasio na majina, wakipanda polepole kama roho za toharani. Waliofanyiwa hivyo si hao wa Brazil peke yao. Filamu inazunguka Asia, Afrika na Amerika ya Kusini kwa mtindo uleule, na kote huko watu maskini wanatembea taratibu na vitu kichwani. Punguza kasi ya mama yeyote mwenye ndoo na utapata huzuni ya bure.

Lakini huyo huyo Reggio ndiye aliyetengeneza Koyaanisqatsi, ya 1982, na hiyo ninaitetea. Reggio aliingia shirika la mabruda wa Kikatoliki akiwa kijana wa miaka 14, akakaa humo miaka 14, na ukali wa nadhiri zile unauona kwenye kazi yake: dakika 86 bila msimulizi, na maneno machache tu yanayoimbwa kwa Kihopi, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, likiwemo jina la filamu kwa sauti nzito. Mpigapicha wake, Ron Fricke, anafanya kinyume cha Serra Pelada. Anaongeza kasi. Magari ya Marekani yanakuwa mito ya taa, watu kwenye ngazi za umeme wanamwagika kama soseji zinazotoka kiwandani, na soseji zenyewe zinaletwa ili usikose kuelewa. Maghorofa ya Pruitt-Igoe huko St. Louis, yaliyojengwa kwa ajili ya maskini miaka ya 1950, yanaangushwa kwa baruti. Hapa kumnyima mtu maneno kuna sababu: filamu inaongelea mfumo, na kwenye mfumo huo hakuna anayesikilizwa. Halafu, katikati ya mbio zote, kamera inasimama mbele ya mtu mmoja, rubani au wahudumu wa kasino, na inakaa. Wanaitazama kamera. Wanaanza kuona haya, wanajishika nywele, wanatabasamu na kuacha. Wana uwezo wa kuiangalia kamera wakijua wanaangaliwa, jambo ambalo yule mbeba kiroba hakupewa.

Kuna mahali pengine ambapo tofauti hii inaonekana kwa kifaranga, na kwa kuwa huku kwetu boksi la vifaranga vya siku moja ni mtaji wa watu, nitakaa hapo kidogo. Fricke alipotoka kwa Reggio alitengeneza Baraka, ya 1992, iliyopigwa kwenye nchi 24 kwa mkanda mpana wa milimita 70. Ndani yake kuna kiwanda cha kutotolesha. Vifaranga vya manjano vinateleza kwenye mikanda, vinamiminika kwenye faneli, vinakatwa midomo. Kisha picha inaruka kwenda kwenye umati wa Tokyo unaosukumana kwenye treni na ngazi, inarudi kwa vifaranga, inarudi kwa watu. Umeelewa: sisi ndio vifaranga. Ukishaelewa, kifaranga hakina kazi tena, kimeshatumika.

Nikolaus Geyrhalter wa Austria ana vifaranga pia, kwenye Unser täglich Brot ya 2005, yaani Mkate Wetu wa Kila Siku. Vinapita kwenye mikanda vilevile. Yeye haviunganishi na kitu. Kamera iko kwenye stendi, imenyooka, haina haraka. Mfanyakazi anavipokea, anavichagua, anavirusha, na mikono yake inakwenda kwa kasi ambayo mwanzoni unadhani picha imeharakishwa. Haikuharakishwa. Baadaye tunaona mti ukitikiswa na mashine mpaka matunda yote yadondoke, samaki wakipasuliwa na kunyonywa matumbo na mtambo, ng'ombe akiingizwa kwenye kizimba cha kuchinjia. Hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike. Kila baada ya muda tunapumzika na mfanyakazi anayekula chakula chake cha mchana, peke yake au na wenzake, na kama wanaongea tunasikia minong'ono ya lugha yao bila tafsiri. Mfugaji wa Uyole akiiona filamu hii ataielewa kuliko wale walioipigia makofi kwenye matamasha, maana atakuwa anahesabu: vifaranga wangapi kwa saa, wanakufa wangapi, umeme kiasi gani. Atatoka na hofu, au atatoka na wivu, au vyote viwili. Geyrhalter kamwachia.

Sasa niguse pabaya. Gunda, ya Viktor Kossakovsky, ya 2020, ni filamu ya nguruwe jike. Nimeiandika hivyo makusudi kwa wasomaji wa mkoa ambao kitimoto cha Ijumaa jioni kina wateja kuliko mikutano ya hadhara. Haina rangi, haina muziki, haina neno. Inaanza na nguruwe amelala mlangoni mwa banda huko Norway, kichwa nje mwili ndani, na mara kitoto kimoja kinamkwea na kudondoka upande wa nje, kisha kingine. Kwa sehemu kubwa ya dakika 93, ukiacha vipande vya kuku na ng'ombe, tunaishi usawa wa magoti yake. Anafukua udongo, ananyonyesha, anagombana na watoto wake, na wakati mmoja anakikanyaga kitoto dhaifu kilichojificha kwenye nyasi, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Rungwe amelishuhudia na hakuna tangazo la kutetea wanyama litakaloonyesha.

Mwishoni trekta linakuja na kreti. Binadamu humuoni, unaona magurudumu. Watoto wote wanapakiwa na trekta linaondoka. Gunda anabaki. Anakwenda lilipoelekea, anarudi, anaingia bandani, anatoka, ananusa, anasimama, ananguruma kwa sauti ambayo hujaisikia tangu filamu ianze, na kamera haikati. Inaendelea hadi unataka ikome. Kossakovsky mwenyewe hali nyama tangu utotoni, na ni wazi anatamani na wewe uache. Lakini hakukudanganya: muda ule mrefu ni wa Gunda kweli, hakuna mkasi uliomsaidia kulia. Je, nitaacha kitimoto? Hilo halikuwahusu wasomaji. Nitasema tu kwamba tangu zamani wazee wa huku walijua nguruwe ana akili, na hawakusubiri kuambiwa na filamu. Walichonyimwa na shughuli za shamba ni saa moja na nusu ya kumtazama bila kumdai kitu.

Kwa anayeanza, asianzie hapo. Aanze na fupi. Regen ya Joris Ivens na Mannus Franken, ya 1929, ni mvua ya Amsterdam kwa dakika kama kumi na mbili: matone ya kwanza kwenye mfereji, mtu ananyoosha kiganja, miavuli inafunguka, tramu inapita, jua linarudi. Ivens aliikusanya kwa muda mrefu kutoka mvua nyingi tofauti na kuishona iwe mvua moja, na kushona kwenyewe huwezi kukuona. Nimeiona na watu wa Tukuyu, ambako kuna sehemu zinazopokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wao waliicheka: hii ndiyo wanaiita mvua? Lakini walikubali kwamba mwanzo wake ni wa kweli, ule muda ambao upepo umeshabadilika na bado hujaanua nguo.

Halafu Artavazd Peleshyan wa Armenia, filamu yake ya mwaka 1975 kuhusu majira ya mwaka, kama nusu saa, karibu bila neno, yenye muziki wa Vivaldi. Wachungaji wanavuka mto wenye hasira wakiwa wamekumbatia kondoo. Wanaume wanashusha marundo ya nyasi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba hujui nani anamkokota mwenzake, mtu au rundo. Mtu wa Makete hataona maajabu ya kigeni hapo. Ataona mteremko anaoujua na atakosoa namna ya kushika kamba. Kwangu mimi huo ndio utazamaji bora kuliko wote.

Mtu mwenye kamera, ya Dziga Vertov, ya 1929 nayo, inafaa kwa mwanafunzi wa filamu kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaka 2014 wakosoaji waliopigishwa kura na jarida la Kiingereza Sight and Sound waliiweka namba moja kati ya filamu zote za hali halisi, na ukiiangalia utagundua mbinu nyingi za video za Bongo Fleva zilikuwa humo miaka karibu mia iliyopita. Uzuri wake mkubwa ni kwamba Elizaveta Svilova, aliyeihariri, anaonekana mezani akikata mkanda. Mkono unaokuambia uwaze nini umewekwa hadharani. Leviathan ya 2012, ya meli ya uvuvi kutoka New Bedford iliyopigwa kwa vikamera vidogo vilivyofungwa kila kona, inasifiwa sana. Mimi iliniumiza kichwa, ingawa mvuvi wa Kyela anaweza kunipinga. Na msiangalie hizi kwa spika ya simu. Chomekeni sabufa, kwa sababu nusu ya filamu iko kwenye sauti.

Nina sababu ya kuyaandika haya sasa. Nyanda za Juu Kusini zimeanza kutengeneza filamu zake zisizo na maneno bila kuziita hivyo. Mitandaoni zimejaa video za droni: chai ya Mufindi, kona za Kitonga, Ziwa Ngosi, maua ya Kitulo. Hazina msimulizi, zina biti tu, na zinapendwa. Wachumaji wa chai wamo, wakiwa nukta za rangi kwenye zulia la kijani. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini ni Powaqqatsi ya kwetu, tena tunajipiga wenyewe. Baada ya dakika tatu za video hizo hujui jani linachumwaje, kwamba ni majani mawili na chipukizi, kwamba mikono miwili inafanya kazi tofauti kwa wakati mmoja, kwamba malipo yanakwenda kwa kilo.

Kijana mwenye simu nzuri na stendi ya bei ya chini angeweza kukaa kwenye banda la kuuzia chai wilayani Rungwe mchana mmoja wa masika akaitoa filamu kamili. Kikapu kinashushwa. Majani yanamwagwa, karani anayapekua kutafuta makubwa yaliyokomaa. Yanapimwa. Yamelowa, kwa hiyo kuna ubishi juu ya uzito wa maji, na ubishi huo una maneno mengi, tena makali, kwa Kinyakyusa. Hapo simshauri ayafute, wala asiweke tafsiri chini ya kioo. Afanye kama Geyrhalter na meza zake za chakula cha mchana, aache sauti ipite. Mtu wa Dar es Salaam ataona mikono na mizani. Mtu wa Kiwira atasikia kila kitu, na kwa mara moja DJ ndiye atakayehitaji kutafsiriwa.